Daktari wa Kurasa Anawajibu: Mume, Taa na Willy Gamba

*Daktari, mume wangu husoma riwaya za kijasusi mpaka usiku wa manane, taa inawaka, tokeni za stima zinakwisha kabla ya Ijumaa. Nifanyeje? – Mke wa Msomaji, Marachi, Busia ya Kenya*

Dada yangu, umefanya vyema kuniandikia mimi kabla ya kuwaendea wazee wa ukoo. Wazee wangekuuliza habari za mahari. Mimi nakuuliza jambo la maana: anasoma kitabu gani? Barua yako ina stima, ina tokeni, ina mpaka siku tokeni zinapokwisha, ila jina la kitabu halimo. Bahati yako, udaktari huu nimejitunukia mwenyewe baada ya uchunguzi mkali, na ugonjwa nimekwisha kuujua.

Mtu asiyegeuka ubavu saa nane za usiku anasoma riwaya ya kijasusi ya Musiba. Tena nitakwambia ni kipi: *Kufa na Kupona*, cha 1974. Nyaraka za wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, mpelelezi Willy Gamba anazifuata Nairobi, na kuanzia hapo Musiba hampi msomaji nafasi hata ya kwenda msalani. Sura inakatika bastola imeshaelekezwa kifuani. Nani atazima taa hapo? Wewe mwenyewe usingezima.

Laiti angekuwa anamsoma Muhammed Said Abdulla, saa nne angekuwa anakoroma. Bwana Msa wake ni mpelelezi wa adabu. Anajaza kiko, anakiwasha, anafikiri, anafikiri tena, na rafiki yake Najum yuko pembeni anashangaa. *Mzimu wa Watu wa Kale* kilishinda shindano la uandishi hata kabla ya kuchapishwa mwaka 1960, na wahakiki hawachoki kusema babu yake Bwana Msa ni yule Sherlock Holmes wa Waingereza. Mimi muuaji nilimjua kabla kiko hakijashika moto. Najum nadhani anashangaa mpaka leo.

Wala usidhani wote wanaoandika mambo haya wamewahi kushika bastola. James Hadley Chase, yule ambaye vitabu vyake visivyo na jalada bado unavikuta vimetandazwa juu ya gunia pembeni mwa barabara, alikuwa Mwingereza mfanyabiashara ya vitabu, na jina alilopewa na wazazi ni René Raymond. Mwaka 1939 alitoa *No Orchids for Miss Blandish*, majambazi wa Marekani mwanzo hadi mwisho, na msaada wake ulikuwa ramani na kamusi ya maneno ya mitaani. John Kiriamiti wa Kenya ni kinyume chake kabisa. Huyu aliiba kweli, akafungwa kweli, akaandika *My Life in Crime* akiwa gerezani, kikatoka 1984, na ukikisoma unamsikia anavyohema. Mimi nipo katikati yao: sijaiba, na ramani sina.

Ndiyo, naandika. Nilijua utauliza. Riwaya yangu inahusu kahawa ya Chepkube, huko juu kwenye miguu ya Mlima Elgon. Julai 1975 baridi kali iliua mibuni ya Brazil, bei ya kahawa duniani ikapaa. Wakulima wa Uganda wakati huo wa Amin walikuwa wakilipwa kwa kuchelewa, tena kwa shilingi isiyonunua kitu. Basi mwaka 1976 na 1977 magunia yakawa yanavuka usiku kuja Kenya, juu ya punda, juu ya vichwa, na watu waliolala maskini wakaamka na malori. Niambieni kama Musiba angeliacha jambo hilo lipite. Riwaya yangu imefika sura ya pili. Sura ya kwanza ni picha yangu.

Sasa dawa. Chukua wembe, kata kurasa za mwisho za kitabu chake kwa ustaarabu, zizike ndani ya debe la unga wa mtama. Atakapofika pale Willy Gamba amezungukwa na akakuta hakuna kinachofuata, atakuja kwako mnyenyekevu kuliko siku ya posa. Mpe masharti: ukurasa mmoja kwa kila bati atakalopigilia juu ya jiko. Mabati yakiisha, mhamishie kwa Ben Mtobwa. Kwa visa vyake vya mpelelezi Joram Kiango utapata choo, banda la kuku na ukuta. Ila usimpe *Dar es Salaam Usiku* kabla ya ukuta kukauka, maana hicho kina majonzi ya mji kuliko risasi, na fundi mwenye majonzi hujenga upande.

Au nunua taa ya sola. Anayefuata.

*Daktari, sisi ni kikundi cha wasomaji hapa Tororo. Nusu wanataka riwaya za kusisimua, nusu wanataka zile nzito za wenye tuzo. Tumegombana, na sasa vyungu vya malwa vimekuwa viwili. – Katibu*

Vyungu viwili! Ndugu Katibu, hapo nimeweka kalamu chini nikapumua. Chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi, ni kimoja, kinakaa katikati, watu wanakizunguka, na mwenye nyumba anaongeza maji ya moto polepole ili ulezi usichoke upesi. Kila mtu na mrija wake mrefu, kile kichujio cha ncha kimezama chini, kitabu kipo gotini kimefunguliwa kifudifudi, na ukurasa wa 40 una duara la majimaji lisilofutika. Vikao vya namna hiyo mimi hualikwa kama mgeni rasmi. Wakisahau kunialika, huja hivyo hivyo.

Ugomvi wenu nitaumaliza kwa kanuni yangu, ambayo vyuo vikuu bado havijaniomba: kila riwaya ina maiti, tofauti ni ukurasa.

Wale wa upande wa tuzo waulizeni, *Kintu* cha Jennifer Nansubuga Makumbi kinaanzaje? Hicho ndicho kitabu kikubwa cha Uganda cha miaka hii, kilitoka 2014. Kinaanza Bwaise, Kampala, Januari 2004, mtu anatolewa nyumbani kwake na kabla hujamzoea jina amekwisha kuuawa na umati. Ndipo mwandishi anakurudisha mpaka karne ya 18 kutafuta laana ilikotoka. Huo si upelelezi? Bwana Msa angeweka kiko chini. Na *Dust* cha Yvonne Adhiambo Owuor? Kijana anapigwa risasi kwenye mitaa ya Nairobi kabla msomaji hajamaliza chai, halafu kitabu kizima ni watu wa nyumbani kwake kutafuta kilichofichwa. Owuor namlaumu kwa jambo moja tu: sentensi zake zinakatikakatika pale unapotaka kukimbia. Lakini ndivyo alivyokusudia, na kusudi la mtu huliheshimu hata likinikwaza.

Kisha wageukieni wale wa bastola, muwape *Vuta N'kuvute* cha Adam Shafi, 1999. Yasmin ameozwa mzee, anatoroka, anampenda Denge, na Denge anaingiza Unguja maandishi yaliyopigwa marufuku huku Inspekta Wright akimnusa nyuma. Kina mapenzi, kina ukoloni, kina taarab, na kina mbio kuliko vitabu vingi vyenye picha ya bastola jaladani. Amil Shivji alikifanyia filamu iliyotoka 2021. Mimi nilishauri hivyo zamani, kwa sauti kubwa, nikiwa peke yangu.

Gurnah ndiye atakayewasumbua. Tangu apate Nobel ya Fasihi mwaka 2021 kila mtu anadai amemsoma, na ukimuuliza jina la kijana wa *Paradise* anaanza kukohoa. Ni Yusuf, na anawekwa rehani kwa tajiri kwa sababu ya deni la babake. Mtu wa mpakani hahitaji kufafanuliwa rehani. Ida Hadjivayanis amekitia Kiswahili, kinaitwa *Peponi*, kimetolewa na Mkuki na Nyota mwaka 2022, kwa hiyo kisingizio cha Kiingereza kigumu kimekufa. Kipya chake, *Theft*, cha 2025, hakina maiti ya kujionyesha. Kuna kijana mtumishi wa nyumba na tuhuma ya wizi. Gurnah anakwenda polepole mno pale mwanzo, nililala mara mbili na nilikuwa nimekaa wima. Kisha tuhuma inaanguka juu ya kijana huyo, Badar, na sikulala tena, maana kila mmoja wetu amewahi kukaa katika nyumba ambayo kitu kilipotea na macho yote yakamgeukia msichana wa kazi.

Hiyo ndiyo tofauti ninayoikubali, Katibu, andika vizuri: riwaya ya kusisimua inakufanya uogope kwamba mtu atakamatwa. Hii nyingine inakufanya uogope kwamba ni wewe uliyemkamatisha. Zote mbili zina kazi, na mwandishi mvivu yupo katika kambi zote mbili, huku akijificha nyuma ya milipuko, kule nyuma ya ukungu.

Matibabu. Kikundi cha bastola kipande Mwamba wa Tororo, mita 1,483 juu ya usawa wa bahari, kwa zile ngazi, kila mtu na nakala ya *Nagona* cha Kezilahabi mfukoni. Ni kitabu chembamba cha 1990, hakitawalemea. Wasishuke mpaka waelewe. Wapelekeeni chakula cha wiki, na mablanketi. Kikundi cha tuzo kifungiwe ndani ya behewa pale reli inapogawanyika, moja ya kwenda Jinja, nyingine ya Mbale na kaskazini, kikiwa na Musiba, Mtobwa na *Mkimbizi* cha Hussein Tuwa. Mwaka 1934 Agatha Christie alihitaji theluji ili treni yake ikwame apate kuua mtu kwa nafasi. Sisi treni zetu hukwama bila theluji, mazingira ni bora zaidi.

Wakirudi, mchanganye vyungu. Siku hiyo nipo.

*Mwalimu, Busia ya Uganda: Tunaambiwa Kiswahili sasa ni cha lazima shuleni. Nianze na riwaya ipi?*

Mwalimu, pole na hongera. Katiba yenu ilikwisha kukifanya lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005, Baraza la Mawaziri likaamua Julai 2022 kwamba kifundishwe kwa lazima, na wewe umeniandikia leo. Hakuna haraka, naona.

Anza na *Siku Njema* cha Ken Walibora, 1996. Kijana anaondoka Tanga kumsaka babake, na Kiswahili chake kinateleza bila kumdharau anayejifunza. *Kidagaa Kimemwozea* kiache baadaye. Si kibaya, ila upande wa Kenya kilitahiniwa mpaka watoto wakakijua kwa maswali tu: taja, eleza, fafanua, alama 20. Walibora tulimpoteza Aprili 2020, na angestahili wasomaji wasio na karatasi ya mtihani mkononi. Ninyi mnayo nafasi hiyo kwa miaka michache hivi, kabla baraza la mitihani halijaamka. Wasomee kwa sauti, simama pale patamu, funga kitabu, toka nje. Wakikufuata mpaka chumba cha walimu, umefaulu. Ningeeleza zaidi lakini picha yangu inahitaji nafasi.

*Nilimwazima rafiki yangu wa ng'ambo ya mpaka, Sofia, kitabu changu cha Mtobwa. Mwaka umepita. – Mnyonge*

Mnyonge, pale kituo cha pamoja cha mpakani, kile ambacho marais Kenyatta na Museveni walikifungua rasmi Februari 2018, mzigo hukaguliwa mara moja tu, upande unakoingia. Kitabu cha kuazima nacho kinavuka mara moja tu. Ukikitaka kirudi, mwazime cha pili cha mfululizo huo huo, umwambie cha tatu unacho wewe, na kwamba katika hicho cha tatu Joram Kiango anakufa. Hafi, lakini atakuja mbio kwa njia ya panya akibishana.

Akija, usimwambie ni mimi niliyekupa mbinu hii, kwa sababu kitabu hicho cha Mtobwa kiko kwangu. Aliniazima yeye, na nimebakiza sura mbili.