Namna ya Kuidanganya TV ya Chogo Ukiwa Lagangabilili

Unataka kuunda kompyuta yako mwenyewe, uichomeke kwenye TV ya zamani, na majirani wa Lagangabilili, wilayani Itilima, waje kuona ng'ombe wakitembea kwenye kioo. Unataka pia wakuite fundi. Vizuri. Hamu ya kusifiwa imewakeshesha mafundi wengi hodari kabla yako. Tatizo ni moja: chipu utakayoimudu ina kumbukumbu ya baiti 2,048 tu, na picha unayoiwazia haienei humo. Basi danganya, lakini danganya kwa ufundi.

1. Tafuta TV inayodanganyika. Matangazo ya analojia yalianza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa 2012. Chogo zikafungiwa ving'amuzi, baadaye zikaja TV bapa, na sasa chogo nyingi zimekaa stoo. Omba moja. Kwenye kioo chake doti nyeusi na nyeupe zikipangwa kwa kupishana huvujiana, na mtazamaji anaona kijivu ambacho hukukichora. TV bapa huonyesha doti waziwazi zaidi na kukuumbua. Hakikisha ina tundu la njano la AV. Ila mgongo wake usiufungue kamwe: mle ndani hukaa maelfu ya volti, na huweza kubaki hata baada ya kuchomoa waya ukutani.

2. Nunua kidogo. Chukua bodi ya Arduino Uno, yenye chipu ya ATmega328P, na rezista mbili: moja ya omu 1,000, nyingine ya omu 470. Mguu mmoja wa chipu upitie rezista ya kwanza, mguu mwingine upitie ya pili, kisha zikutane kwenye waya wa kati wa AV. Waya wa nje uunge kwenye hasi. Umepata ngazi tatu za umeme: volti 0 inaiambia TV "mstari mpya unaanza", volti 0.3 ni nyeusi, volti 1 ni nyeupe. TV haihitaji zaidi ya hapo ili ikutii. Bodi ilishe kwa pawabenki.

3. Usihifadhi picha. Anayeanza huhifadhi kila doti. Kioo cha doti 128 kwa 96 kina doti 12,288, na hata ukiweka doti nane katika baiti moja, baiti 1,536 zimekwenda. Utabakiwa na 512 za kuendesha mchezo mzima. Wewe kata kioo kiwe vigae vya doti nane kwa nane. Unapata vigae 192, na kila kigae kinahitaji baiti moja ya kutaja namba yake. Michoro yenyewe iweke kwenye ile kumbukumbu nyingine ya programu, yenye kilobaiti 32. Chora nyasi mara moja, uzipande kioo kizima. Pamba ni rahisi zaidi: doti moja nyeupe kwenye giza, na kila mtu wa Itilima ataitambua.

4. Iba muda. TV yetu huchora mstari mmoja kwa mikrosekunde 64. Chipu ikikimbia kwa megahezi 16, una mapigo 1,024 kwa kila mstari, nayo huisha yote kwenye kuchora. Utafikiri saa ngapi basi? Kila picha ina mistari 312. Ukirudia kila mstari wako mara mbili, unatumia 192. Mistari 120 inayobaki ipo juu na chini ya picha yako, na ni nyeusi mitupu. Humo ndimo mwendeshe ng'ombe, hesabu alama, soma vitufe. Kazi hiyo hufanyika mara 50 kwa sekunde, na hakuna atakayeona kwamba umeondoka kazini.

5. Mchore ng'ombe mmoja, uonyeshe kundi. Hata wakubwa walifanya hivyo. Chipu ya picha ya Texas Instruments, TMS9918, iliweza kubeba vikaragosi 32, yaani picha ndogo zinazosogea, lakini vinne tu kwenye mstari mmoja. Cha tano hakikuonekana. Kompyuta ya Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na vinane, na waandishi wa michezo walisubiri mstari wa kuchora uvipite, wakavihamishia chini vichorwe tena kama wapya. Nawe ng'ombe wako apewe michoro miwili, mguu mbele na mguu nyuma, basi. Wachezaji wa ngoma ya bugobogobo nao vivyo hivyo: jembe juu, jembe chini. Mtazamaji Msukuma ataijaza ngoma mwenyewe, maana anaijua kuliko chipu yako.

6. Chokonoa maungo. Ng'oa kijenzi cha megahezi 16 kinachoipa chipu mapigo, lehemu cha 20. Mtengenezaji mwenyewe ameiruhusu chipu hii kufika hapo ikipata volti 5. Sasa una mapigo 1,280 kwa mstari, lakini rekebisha hesabu zote za muda kwenye programu, la sivyo picha itabingirika. Ukiona bado hujatajwa mtaani, unga mguu wa tatu kwa rezista nyingine, upate kijivu cha kweli. Kijenzi hicho na rezista hiyo vitaje mapema mgeni akifika. Vyenyewe havionekani kwenye kioo, kwa hiyo usipovitaja sifa zake zinapotea.

7. Mtu akikuuliza kwa nini unahangaika na mambo ya zamani, mjibu kwa historia. Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na TV nchini. Kompyuta ya Sinclair ZX Spectrum ilipotoka Uingereza mwaka 1982, watoto wa kule walijifunza sebuleni kubana picha ya rangi ndani ya baiti 6,912, kwa kuruhusu rangi mbili tu kwenye kila kigae. Tanzania Bara ilipata vituo vyake vya kwanza vya TV mwaka 1994. Somo hilo lilitupita, na bado ni zuri: anayejua baiti moja inakwenda wapi hatishwi na mashine yoyote. Anayelisoma leo Itilima hajachelewa.

8. Jiandae kukamatwa. Siku moja mwanafunzi mwenye macho makali atasogelea kioo na kusema, "Kaka, mbona ng'ombe wote wananyanyua mguu kwa pamoja?" Usijitetee. Fungua programu, mwonyeshe ile michoro miwili, mwache ambadilishe ng'ombe awe punda. Ujanja ulioonekana unasifiwa kuliko picha yenyewe, na sifa hizo ndizo ulizokuwa unazitaka. Mpe nakala ya programu na rezista mbili za akiba. Siku atakapodanganya vizuri kuliko wewe, tangaza mpaka mjini Bariadi kwamba mwalimu wake ni wewe.