Ndoo Hapa!

Mimi ni mtu wa Mji wa Kale, Mombasa, mji wa Muyaka bin Haji, na nimelelewa nikiamini mambo mawili: kwamba Kiswahili ni mali yetu na wengine wote tumewaazima, na kwamba chakula kisicho nazi ni cha mgonjwa. Imani zote mbili nilivuka nazo mpaka wa Isebania mwezi wa Juni. Haikurudi hata moja ikiwa nzima.

Nilikuwa nakwenda Musoma kumwona dada yangu, aliyeolewa huko na Mjita mmoja mpole, mrefu, asiyecheka ovyo. Upande wa Tanzania, pale Sirari, afisa aliyenigongea muhuri alinisikiliza nikijieleza, kisha akatabasamu. "Kiswahili chako kizuri, kaka. Unajitahidi."

Najitahidi! Mimi, ambaye bibi yangu alikuwa akiwasahihisha watangazaji wa redio wakiwa hewani! Lakini foleni nyuma yangu ilikuwa ndefu, na muhuri ulikuwa mkononi mwake. Nikashukuru. Hasira zikapoa pale nilipobadilisha fedha na noti zangu chache za Kenya zikarudi zimekuwa bunda. Dada alikuwa amekwisha kuniambia kwamba baada ya Musoma tutafika mji uitwao Bunda. Nikaona safari imenikubali.

Kwenye daraja la Kirumi niliukuta Mto Mara, ule ule unaotoka kwetu kwenye msitu wa Mau, ukielekea ziwani kwa utulivu. Umepita Maasai Mara, umepita Serengeti, umefika kabla yangu, na wala hakuna aliyeuomba pasipoti.

Musoma ni mji wa mawe na maji. Mawe yenyewe ni makubwa kama nyumba, yamepandana ufukweni kama mizigo iliyoshushwa na mpagazi mwenye haraka. Mbele yake ni Ziwa Victoria, kilomita za mraba zipatazo 68,800, ng'ambo huioni. Mtu wa pwani akiona maji yasiyo na ng'ambo huyaita bahari, na hapo ndipo nilipoharibu. Kulikuwa na jiwe moja ndani ya maji, hatua chache tu kutoka nchi kavu, jeupe juu kama lililopakwa chokaa. Kumbe chokaa hiyo ni ya ndege waitwao mnandi, waliokuwa wamekaa juu yake wakianika mabawa. Nikataka kulifikia nipige picha. Nikamuuliza kijana aliyekuwa akigeuza dagaa mchangani:

"Maji yakupwa saa ngapi?"

"Yanafanyaje?"

"Yakupwa. Yatoke, tupite."

Akayatazama maji, akanitazama mimi. "Yatoke yaende wapi, mzee?"

Nikamhurumia. Kijana amezaliwa ufukweni, hajui kupwa na kujaa! Nikavua makubadhi yangu, nikayaweka ukingoni, nikakaa kungoja. Nilingoja saa mbili. Ziwa halina kupwa wala bamvua, au kama linayo ni ya kupimwa kwa rula ya mwanafunzi. Lina upepo wa alasiri tu, na upepo ule ulipoinua mawimbi kubadhi la kushoto likaondoka zake kuelekea Uganda. Watoto waliokuwa wakioga karibu waliniona nikikimbia na kubadhi moja, wakaja kunizunguka, wakishika mbavu. Ndipo nikampigia shemeji simu.

"Shemeji, niko huku kwenye mawe. Watoto wamenizunguka, wananiteka!"

Inabidi nieleze. Sisi wa Mvita, yaani Mombasa, hatusemi kucheka, twasema kuteka. Wala njaa kwetu si njaa, ni ndaa, na mchele ni mtele. Haya niliyajua, ila nilikuwa sijawahi kufikiri yangesikikaje masikioni mwa mtu wa Musoma mwenye simu mbovu. Hazikupita dakika kumi, shemeji akatokea juu ya bodaboda, nyuma yake bodaboda ya pili yenye majirani wawili, mmoja ameshika rungu. Wakawakuta watekaji sita, mkubwa wao labda wa miaka tisa, na mimi katikati na kubadhi langu moja.

"Wako wapi, mura?" akauliza mwenye rungu.

Dada alipohadithiwa usiku ule aliteka mpaka akakaa chini. Shemeji hakucheka. Alikuwa amelipia bodaboda mbili.

Kesho yake kutwa akatupakia katika gari la kuazima, tukashika njia ya Bunda na kuingia Serengeti kwa lango la Ndabaka. Mwezi wa Juni nyumbu huwa huku ukanda wa magharibi, karibu na Mto Grumeti, ambako mamba huwangoja kama madalali. Idadi yao yote hupita milioni moja. Kuhusu uzuri wa mambo yale sitasema sana, maana kila niliposema nilijisikia mwongo: ardhi ilikuwa inatembea, basi, na kila mmoja katika ile milioni akisema "ng'uu" kama mzee aliyetajiwa bei asiyoitaka.

Nilikuwa nimetoa kichwa dirishani, kinywa wazi. Dirisha la upande wa pili nalo lilikuwa wazi, na kwenye kiti kulikuwa na kopo la halua niliyoitoa Mombasa kwa ajili ya mama mzaa shemeji, anayekaa Bunda. Nyani hakuja kwa fujo. Aliingiza mkono kama mtu anayechukua chake, akatoka na kopo, akakaa pembeni ya barabara na kulifungua. Sijui kama umewahi kumwona nyani akila halua. Kidole cha kwanza kikanata. Akatumia mkono wa pili kukibandua, nao ukanata. Wakaja wenzake wawili wakaanza kumlamba mwenye mali hali bado yuko hai. Hifadhi ina kilomita za mraba 14,763, imetengwa tangu mwaka 1951, na nyani mmoja katika eneo lote hilo alichagua kiti changu.

"Si neno, shemeji," akasema mwenyeji wangu. "Nao ni wenyeji. Umewakirimu."

Tulifika Bunda na ndaa yetu, tukaingia mahali pa nyama choma. Shemeji akaagiza bila kuniuliza. Ukaja ugali wa muhogo na mtama, wenye rangi ya chungu kipya, ikaja nyama ya ng'ombe, na pembeni bakuli la kitu cha kijani, cha majimaji. Moyo ukafurahi. Kwetu huwezi kula bajia bila chatne ya kotimiri, na hapa, maili zote hizi kutoka Mombasa, watu wastaarabu walikuwa wameniletea chatne! Nikaimimina juu ya nyama yote, nikala tonge tatu za mtu aliyefika nyumbani. Ilikuwa chungu kidogo. Nikadhani ni kotimiri ya bara.

"Mmetia majani gani humu?" nikamuuliza shemeji.

"Majani aliyokula ng'ombe."

"Ng'ombe yupi?"

Akaelekeza kidole kwenye sahani yangu. "Huyu."

Jina lake ni kichuri. Mnyama akichinjwa, majani aliyokwisha kuyasaga tumboni hukamuliwa, na maji yake yenye uchungu wa nyongo hutumika kukolezea nyama na supu. Watu wa Mara wanakisifu, wanasema kinasafisha tumbo, na shemeji alikuwa amenipa heshima ya mgeni. Nami nilisoma madrasa, nikakaririshwa najisi aina zote, lakini hakuna siku mwalimu alituambia kwamba moja ya hizo itanijia kwenye bakuli. Nikageuka kumtafuta mhudumu aniletee maji ya kusukutua, na kwa fadhaa Kimvita kikatoka kabla ya akili:

"Ndoo! Ndoo hapa, upesi!"

Kwetu, ndoo ni njoo. Kijana akakimbia jikoni, akarudi na ndoo ya bluu, akaiweka mbele ya miguu yangu, akarudi nyuma hatua mbili kwa adabu. Meza zote zikanyamaza. Nilitaka kumweleza habari za lahaja. Lakini ndoo ilikuwa pale, tumbo nalo lilikuwa pale, na ninachoweza kukiri hapa ni kwamba sikuirudisha mara moja.

Mama mzaa shemeji alinipokea jioni ile kwa mikono miwili, akanisikiliza kisa cha halua mpaka mwisho. Akauliza jambo moja tu: "Walimaliza yote?"

Butiama tulikwenda siku ya mwisho. Niliingia Makumbusho ya Mwalimu Nyerere kwa unyenyekevu, nikasimama kaburini Mwitongo, kati ya mawe yale yale kama ya Musoma. Mzee mmoja tuliyemkuta hapo akanisimulia habari za Kambarage, mtoto wa Chifu Nyerere Burito, aliyezaliwa mwaka 1922. Nami nikamjibu kwa Kiswahili changu bora kabisa, cha sherehe. Akanishika bega.

"Kwa Mkenya, unajitahidi kweli."

Nilikuwa na jibu. Nilikuwa na jibu tangu Sirari. Kisha nikakumbuka kwamba mtoto huyo wa chifu lugha yake ya nyumbani ilikuwa Kizanaki, na shule alianza akiwa na miaka 12, pale Mwisenge, Musoma. Kisha akamtia Shakespeare kwenye Kiswahili: Julius Caezar mwaka 1963, halafu Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na mwaka huohuo akamrudia Kaizari kumsawazisha kwa sababu hakuridhika, akawa Juliasi Kaizari. Uzeeni akaziweka Injili katika utenzi. Utenzi, ule wetu! Mimi hata barua ya kuomba kazi niliandikiwa na dada.

"Asante, mzee," nikasema. "Najitahidi."

Nilirudi na kilo tano za dagaa wa Mwigobero, ambao walinipatia viti viwili peke yangu katika kila basi. Mama yangu akanipokea mlangoni. Nikamwita mtoto wa jirani aushike mfuko:

"Njoo hapa, naomba unisaidie."

Mtoto akaja. Mama akanitazama kutoka utosini hadi kwenye kandambili za Musoma.

"Hicho Kiswahili wamekupa wapi?"

"Bara, mama."

Akaunusa mfuko, akaguna.

"Si kibaya," akasema. "Wajitahidi."