Kijiweni: Mtihani wa Bure

ASVAB ni mtihani wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa kupima uwezo wa kijana. Tangu 1968 umekuwa ukipelekwa kwenye shule za sekondari, nyingi zikiwa za umma, bila shule wala mzazi kutoa hata senti. Huchukua saa tatu hivi, na toleo la karatasi lina maswali 200 katika sehemu 8: sayansi, hesabu za mafumbo, maana za maneno, ufahamu, hisabati, umeme, magari na karakana, na mitambo. Shuleni hutangazwa kwamba utamsaidia mwanafunzi kuchagua kazi. Kijiweni kwa fundi baiskeli, Buguruni jijini Dar es Salaam, ulifika kwa simu: mjukuu wa muuza kahawa, anayesoma Ohio, alimtumia babu yake ujumbe wa sauti kwamba kesho wana mtihani wa jeshi.

"Wa jeshi?" Bodaboda alizima pikipiki. "Dogo kaitwa vitani?"

"Kaitwa darasani," alijibu muuza kahawa, akigonga vikombe. "Tena wa bure."

Kila kijiwe kina mtu ambaye neno "bure" humwamsha usingizini. Hapa ni Dalali. "Bure? Miaka ishirini nauza viwanja, sijaona mtu akionyeshwa kiwanja bure asiombwe namba ya simu."

Hakujua kwamba amegonga penyewe. Karatasi ya ASVAB ina nafasi ya jina, anwani na simu, na mwanafunzi asiposaini tamko la faragha haisahihishwi. Matokeo hurudi shuleni. Kama yatakwenda pia kwa maofisa wanaoandikisha askari, hilo huamuliwa na shule kwa kuchagua namba, kuanzia 1 hadi 8. Namba 1 huwapa maofisa matokeo bila kuwazungusha. Zipo za kuwachelewesha siku 60, 90 au 120, na ipo inayowapa matokeo lakini ikawakataza kupiga simu. Namba 8 huwanyima kabisa. Shule ikikaa kimya, huhesabiwa imechagua 1. Maryland ilikuwa jimbo la kwanza kutunga sheria, mwaka 2010, ya kuzibana shule zake zote za umma zichague 8.

"Mzazi je?" aliuliza muuza kahawa.

Mwalimu Mstaafu alivua miwani, ishara kwamba jibu litakuwa refu. Sheria ya elimu iliyosainiwa Januari 2002, na nyingine ya 2015 iliyoirithi, zinaitaka shule inayopokea fedha za serikali kuu iwape waandikishaji majina, anwani na simu za wanafunzi wakiomba. Mzazi anaweza kuandika barua ya kukataa. Ila barua hiyo ni ya ile orodha ya shule tu. Haigusi matokeo ya ASVAB, ambayo yana mlango wake.

"Kwa hiyo unafunga mlango wa mbele," alisema Dalali kwa heshima ya mtu anayetambua kazi nzuri ya mwenzake, "kumbe wa uani uko wazi. Hapo mzazi kapigwa."

"Hajapigwa mtu," Afande Mstaafu alikohoa. Hoja yake ilikuwa na uzito. Marekani iliacha kuwaingiza vijana jeshini kwa lazima mwaka 1973. Tangu hapo kila askari ni wa kujitolea, na wa kujitolea sharti atafutwe. Kijana wa miaka 17 anaweza kuingia kwa saini ya mzazi, kwa hiyo mahali pa kumpata ni shuleni. Na si kila mwaka hupatikana kirahisi: mwaka 2022 jeshi la nchi kavu lilitaka askari wapya 60,000 likapungukiwa takriban 15,000.

Bodaboda nusura amwage kahawa. "Wamekosa watu? Afande, mimi JKT nimeomba mara tatu, mara tatu nimekosa! Kule jeshi linamfuata dogo darasani na penseli mkononi?"

"Ungefika kidato cha sita ungeitwa," Afande alimkumbusha. Alisema kweli, kwani utaratibu wa kuwaita wahitimu wa kidato hicho kwenye Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria, uliosimama 1994, ulirudishwa 2013. Bodaboda alitazama tairi lake.

Mjuaji, ambaye hadi hapo alikuwa nyuma ya gazeti, alitangaza kwamba mtihani huo hutungwa na CIA na hakuna anayefaulu. Alikosea mara mbili. Alama inayotazamwa langoni mwa jeshi huitwa AFQT, huanzia 1 hadi 99, na jeshi la nchi kavu kwa kawaida hupokea kuanzia 31.

"Thelathini na moja!" Mjuaji alicheka. "Kwa NECTA ya kidato cha nne hiyo ni D!"

Mwalimu alilazimika kuvua miwani tena. Hiyo 31 si asilimia ya maswali yaliyopatiwa. Ni nafasi ya kijana akipimwa na vijana 100 wa nchi yake, yaani amelingana na 31 kati yao au kuwapita. Mizani yenyewe iliwahi kuharibika: kati ya 1976 na 1980 jedwali la kubadili alama lilikosewa, na jeshi likapokea kwa miaka kadhaa vijana wengi ambao kwa mizani sahihi wangebaki nje. Siku hizi anayepungukiwa kidogo hatupwi. Tangu Agosti 2022, Fort Jackson, South Carolina, kuna kozi ya kumnoa kwa wiki kadhaa kabla ya mafunzo ya uaskari.

"Tuisheni!" alisema Bodaboda, uso ukimng'aa.

Fundi, ambaye hakuwa amenyanyua kichwa kutoka kwenye baiskeli aliyoigeuza miguu juu, aliomba aulizwe swali moja la mitambo. Mwalimu alitunga: gia ya pedali ina meno 48, ya nyuma meno 16, pedali ikizunguka mara moja, gurudumu litazunguka mara ngapi?

"Tatu," alisema Fundi, na kwa kuwa Mjuaji alikunja uso, alizungusha pedali kwa kidole huku kipande cha kitambaa alichofunga kwenye spoki kikipita mbele yao: moja, mbili, tatu.

Kijiwe kilimpigia makofi. Mwalimu akamsikitikia. AFQT haihesabu mitambo, wala magari, wala umeme. Hizo hutumika baadaye katika kumpangia mtu kazi. Langoni huhesabiwa hesabu, hisabati, na lugha, na lugha huhesabiwa mara mbili. Lugha yenyewe ni Kiingereza. Mwaka 1917, Robert Yerkes na wenzake walipoanza kuwapima askari wa Marekani kwa wingi, watu wapatao milioni 1.7, walitunga karatasi mbili: Alpha ya wanaosoma, na Beta ya picha kwa wasiojua kusoma au Kiingereza. Fundi, asiyejua Kiingereza, angepewa Beta. ASVAB haina Beta.

"Kwa hiyo mimi nimefaulu swali nikafeli mtihani," alisema Fundi, akirudi kwenye cheni yake.

Muuza kahawa alikuwa ameshaiweka simu mdomoni. "Mjukuu wangu, kabla hujashika penseli, muulize mwalimu shule yenu imechagua namba ngapi."

Jibu liliingia wakati anaosha vikombe vya mwisho. Lilikuwa fupi.

"Namba ya nini, babu?"