Deni la Umeme la Marehemu Babu

Copenhagen

Kwa jamaa wapenzi wa Malindi, Unguja.

Nawaarifu kwamba marehemu babu yetu Athumani, ambaye katika uhai wake hakupata kusafiri mbali kuliko Pemba, na siku hiyo aliteremshwa chomboni hoi kwa kutapika, sasa anakaa nami huku, ghorofa ya tatu, na anadaiwa umeme wa miezi miwili.

Chanzo ni karani mmoja, mtu mpole asiye na hila, aliyeniuliza jina langu la ukoo. Nilimjibu kwa adabu kuwa mimi ni Salim bin Juma bin Athumani, nikidhani nimempa nasaba ya kumtosha. Naye akalishika jina la mwisho, kama mnunuzi ashikavyo samaki mkiani, na tangu hapo sina jina jingine mbele ya dola. Baba amerukwa kama dimbwi. Mke wangu, aliyekuja na jina la baba yake kama ada yetu ilivyo, aliulizwa mara mbili kama kweli tumeoana. Na mwanangu Juma ameandikwa Juma Athumani, ambalo ndilo jina kamili la baba, hata asomaye hati za nyumba hii hudhani nimemzaa mzazi wangu.

Ajabu ni kwamba watu wa Denmark wenyewe walikuwa kama sisi. Jens mwana wa Niels aliitwa Jens Nielsen, maana sen yao ni bin yetu, na mwanawe Peder akawa Peder Jensen, jina likigeuka kila kizazi, mpaka mwaka 1828 ilipotoka amri ya mfalme kwamba mtoto abatizwe pamoja na jina la ukoo. Na majina yale, baada ya ukaidi wa miaka mingi wa watu wa mashamba, yakaganda kama samli wakati wa baridi. Ndiyo maana jirani yangu, bibi wa heshima mwenye wajukuu, huitwa Jensen, yaani mwana mume wa Jens, naye hana Jens amjuaye. Nilipomfasiria, alicheka hata akaketi ngazini.

Faraja yangu ni mwenzangu kazini, mtu wa Iceland, ambako bin na binti zingali hai, na sheria ya mwaka 1925 ilikataza watu kujitwalia majina mapya ya ukoo. Rais waliyemchagua mwaka 1980, Vigdís Finnbogadóttir, ni binti Finnbogi, bila ya kuongeza wala kupunguza. Mlangoni pa mwenzangu huyo nilikuta majina matatu yasiyolingana, lake, la mkewe na la bintiye, nikavua viatu kwa furaha kabla sijakaribishwa.

Mkijibu, andikeni juu ya bahasha "Bwana Athumani", kwani barua yenye jina la Salim bin Juma hurudishwa. Na Ijumaa mkizuru makaburi, mkiisha kumsomea babu Fatiha, mwambieni lile deni nimelilipa.

Ndugu yenu,
Salim bin Juma