Danadana

Jumapili moja binti yangu wa darasa la tano alinijia na daftari la Kiingereza. "Baba, juggling ni nini?"

Baba mtu hasemi "sijui". Husema "ngoja kidogo". Nikaenda kupekua kamusi kuukuu chumbani. Ikaniambia: kiinimacho. Haikukosea sana, maana zamani Waingereza walimwita juggler hata mfanya mazingaombwe, na asili ya neno hilo ni neno la Kilatini lenye maana ya kutania. Ila picha ya daftarini ilikuwa ya mtu anayerusha mipira mitatu na kuidaka.

"Mchezo wa kale huo," nikamwambia, kifua mbele. "Kule Misri, kwenye makaburi ya Beni Hasan, wamechorwa wanawake wakiucheza, yapata miaka 4,000 iliyopita."

"Wewe unauweza?"

Hapo ndipo nilipoponzeka. Nikachukua ndimu tatu jikoni. Siri yake ni kwamba ya kwanza ikikaribia kufika juu kabisa, ndipo unarusha ya pili. Yangu ya kwanza ilipofika juu, simu ikaita. Ya pili ikatumbukia kwenye chai ya mama mkwe. Ya tatu hatukuiona hadi Jumatano, tulipohamisha kabati.

Mama mkwe alijipangusa kanga taratibu. "Baba, mshika mbili moja humponyoka. Wewe umeshika tatu."

Binti akaokoa jahazi: "Kumbe ni danadana, ila ya mikono!" Kweli, mitaani kwetu anayeuchezesha mpira kwa mguu usianguke chini, anapiga danadana.

Kesho yake nikaenda ofisi moja kufuatilia hati ya kiwanja. Dirisha la kwanza likanituma la tatu. La tatu likasema mhusika yuko kikaoni. Mhusika alipotoka kikaoni akaniuliza kama nimepita dirisha la kwanza. Saa tisa nikaambiwa, "Njoo kesho, mzee." Nilikwenda siku nne mfululizo.

Ndipo nikaielewa lugha yangu. Waingereza wakisema mtu ana-juggle kazi na familia, wanamsifu mrushaji. Sisi tukisema mtu anapigwa danadana, tunauhurumia mpira.

Ijumaa binti alirudi na daftari lililosahihishwa. Chini ya neno lile alikuwa ametunga sentensi ya mfano: "Baba yangu anapigwa danadana."

Mwalimu ametia vema. Hati bado sijaipata.