Marehemu Hakutuachia Hata Kisingizio

Kuna watu wakifa wanaacha madeni, wengine wanaacha kesi. Babu yetu wa Ifakara ameacha sifa, na mirathi ya namna hiyo haigawanyiki wala haiuziki, ila kila ndugu anayepita anakukagua kama umeitunza. Nikichelewa kuamka naambiwa, "Babu yako saa hizi alikuwa ameshapiga matuta mawili." Nikinuna kidogo, tena kwa sababu ya maana, naambiwa, "Babu yako hakununa hata siku moja." Basi mtu unakosa pa kutokea. Babu mvivu angetusaidia sana sisi wajukuu. Hata mchapakazi mwenye gubu angefaa, tungesema alitutesa, watu wakatuonea huruma. Lakini huyu alilima kama trekta la kukodi na huku anacheka, na sijui mtu anayecheka unamlalamikia kwa nani.

Sasa nimebebeshwa kazi ya kuandika upya wasifu wake, usomwe siku ya arobaini. Ule uliosomwa makaburini haukumridhisha mtu. Alizaliwa, alibatizwa, alifunga ndoa, aliugua, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Shangazi wakubwa wakakaa kikao, wakasema fulani huwa anaandika magazetini, apewe yeye. Nikauliza malipo. Shangazi akaniambia, "Babu yako asingeuliza."

Nimekwama tangu mstari wa kwanza. Cheti cha ubatizo kina mwaka wake wa kuzaliwa, kitambulisho kina wake, na yeye mwenyewe alishikilia kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko. Kwa mtu wa Bonde la Kilombero hayo si maelezo. Mto Lumemo ukiamua, kila mwaka ni mwaka wa mafuriko.

Habari za reli nazo zina wenyewe. TAZARA ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia, na vijana wengi wa bondeni walikwenda kubeba mataruma. Babu alikuwa mmoja wao. Alibeba mpaka Mlimba, akaiona milima ya kuelekea Makambako, yale mahandaki na madaraja yanayongoja, akawaambia Wachina kwamba mpunga wake unamwita nyumbani. Hiyo ndiyo sehemu yake yote katika historia ya reli. Lakini hadi anakufa, treni ikipiga honi usiku alikuwa anasema, "Hao wanapita kwangu, na hakuna aliyebisha hodi." Baba mdogo anataka niandike kwamba marehemu alijenga TAZARA. Nimemwambia niandike alisaidia. Ameninunia, na yeye haambiwi kwamba babu hakuwa ananuna, kwa sababu babu ni baba yake na hayo maneno yametengwa kwa ajili ya wajukuu.

Twende shamba, maana huko ndiko alikokuwa hasa. Msiojua kilimo cha kwetu mnadhani mchele wa Kilombero unatoka sokoni. Mvua zikianza kugusa ardhi mwishoni mwa mwaka, familia inafunga virago inahamia bondeni, inakaa kwenye dungu, kijumba cha miti na nyasi kilichonyanyuliwa juu ya nguzo ili maji yakija yapite chini. Mnalima, mnamwaga mbegu, mnaingia palizi. Masika yanakuja, mnaomba Mungu maji yawe ya kutosha ila yasiwe ya kumaliza. Mpunga ukianza kutia maziwa, mnaanza kuamia ndege: kabla jua halijachomoza mpo juu ya dungu na makopo na makombeo, mnawapigia kelele kwelea kwelea ambao hawana shamba, hawana deni, na wanakula kabla yenu. Usiku zamu ya nguruwe. Karibu na mto zamu ya kiboko, na kiboko haogopi kopo. Mavuno Juni au Julai, kwa mundu, suke kwa suke.

Babu aliyafanya hayo yote kwa bashasha iliyokera. Saa kumi na moja alfajiri, mtoto wa watu nimelala na baridi ya umande, nasikia sauti chini ya dungu: "Mwanaume mwenzangu, amka, ndege wamekuja wanakuulizia." Nikisema nimechoka, anajibu, "Pumzika mjukuu wangu, mimi nitawaambia kwelea kwelea wapumzike na wao." Utacheka, na ukishacheka umeshaamka. Mtu akikufokea unaweza kumgomea. Akikuchekesha, unajikuta na kombeo mkononi.

Shamba lilikuwa ng'ambo, upande wa Ulanga. Kabla ya daraja lile la mita 384 kufunguliwa mwaka 2018, kuvuka Mto Kilombero kulikuwa ni kusubiri pantoni pale Kivukoni, na kusubiri kwenyewe kuna siku kulikuwa ni kazi ya kutwa. Sote tulikuwa tunasonya. Babu peke yake alikuwa anaipenda foleni, maana ndipo alipopata hadhira: madereva wa malori, akina mama wenye matenga ya kambale wa moshi, wanafunzi, wagonjwa wanaokimbizwa hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Mpaka pantoni inafika, kila mtu ameshajua jinsi alivyoikimbia milima ya Makambako. Daraja lilipofunguliwa sote tulishangilia. Yeye akasema, "Sasa watu wanapita kasi hivi, nitamsimulia nani?"

Hata elimu za watu hakuziacha. Waswisi walifungua maabara Ifakara mwaka 1957, na tangu hapo mbu wetu wamesomwa kuliko watoto wetu. Babu alikuwa anasema kule kwao Basel watu wamekuwa maprofesa kwa damu yake, na yeye kaambulia chandarua. Chandarua chenyewe alikitunza lakini, alikuwa anakibeba mpaka dunguni. Kisha nikafanya kosa la kumwambia kwamba mwaka 2002 bonde letu liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar, ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Akafikiri kidogo. "Kumbe yale maji yaliyozamisha mpunga wangu yalikuwa na cheti."

Mtu pekee niliyemwona akikaribia kumkasirikia ni mnunuzi mmoja wa lumbesa. Serikali imepiga marufuku lumbesa mara nyingi, na lumbesa imeendelea kunenepa. Huyu bwana alileta gunia, likajazwa, akataka liongezwe juu, likafungwa kwa kamba kichwani, bado akataka bei ya gunia moja. Babu akalizunguka gunia, akalitazama, akasema, "Huyu amevaa kofia. Nilipe mwili, kisha tupatane bei ya kofia." Watu wakacheka, mnunuzi naye akacheka, na mpunga akauchukua kwa bei ileile. Hicho ndicho ninachomlaumu marehemu, na kwenye wasifu kitakatwa: kuna mahali kicheko hakikustahili. Mara moja angegoma. Angekaa juu ya gunia lake na uso wa ukali, walau tuseme bei ya mwaka ule tuliipigania.

Nilimpelekea Bibi rasimu juzi. Alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, wala hakuinua macho.

"Soma, mume wangu."

Nikasoma. Nilipofika kwenye ekari nne za kila msimu, akanyoosha mkono nisimame.

"Nani alipalilia?"

"Bibi, hapa nimeandika yeye na familia yake..."

"Familia ni nani? Familia ina mgongo? Alilima, sikatai. Palizi ikifika alikuwa anasimama katikati ya shamba anasimulia, nyie mnacheka, mimi nimeinama. Nikiinuka kunyoosha mgongo, hadithi imekwisha na sijaisikia. Andika hivyo."

Shangazi akaingilia kwamba wasifu ni wa marehemu, hauwezi kuwa na sifa za mtu aliye hai.

"Haya," Bibi akasema, "ngojeni na mimi nife, muandike kwamba niliugua."

Nimeandika. Shangazi kafuta kwa kalamu nyekundu, Bibi kaamuru irudishwe, na kwa kuwa alikuwa amefungua mlango wa palizi akaingiza ya mwaka hadi mwaka: magugu gani, nani alikuwa mgongoni amefungwa kanga, nani alitumwa maji akalala njiani. Baba mdogo amekuja na kurasa zake za reli. Leo asubuhi Padri katuma ujumbe kwamba wasifu usizidi dakika tano. Palizi peke yake ina kurasa sita, na bado tuko kwenye masika ya kwanza.