Jinsi ya Kumkomesha Funza wa Mabua: Mwongozo kwa Nyigu Jike

Bibi nyigu, hongera kwa kutoka kifukoni. Una milimita mbili tatu za mwili na siku chache za kuishi, basi tuanze kazi.

Wewe ni Cotesia flavipes, asili yako Asia. Watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, waliwaachia wazee wako mashambani Pwani ya Kenya mwaka 1993, wamfuate Chilo partellus, funza wa mahindi na mtama aliyehamia Afrika kutoka huko huko Asia akamwacha adui yake nyuma. Adui mwenyewe ni wewe.

Usimtafute kwa macho, yumo ndani ya bua. Fuata harufu. Bua linaloliwa hunuka tofauti na bua zima, na ule unga wa kinyesi unaomwagika kwenye tundu ndio unaokuonyesha mlango.

Sasa ingia. Njia ni nyembamba, giza, na mwenye nyumba anauma. Wenzako wengi wamefia humo humo. Ukimfikia, mchome upesi. Sekunde chache zinatosha kumwachia mayai 30 hadi 40 pamoja na virusi ulivyorithi kwa wazazi wako. Bila virusi hivyo, chembe za kinga za funza zingeyazingira mayai na kuyaua. Jambo hili hunishangaza kila ninapolifikiria: mdudu asiyeonekana vizuri anazaliwa na silaha ya namna hiyo.

Usimuue. Mwache ale, maana anawalisha wanao. Baada ya siku kumi na kitu watatoboa ngozi yake, watoke kwa pamoja na kufuma vifuko vyeupe vilivyoshikana kama punje za wali. Yeye hatapona.

Ukikutana na Busseola fusca, funza mwingine wa mabua, mpite. Mwili wake utayaua mayai yako. Huyo anawezwa na ndugu yako wa Kiafrika, Cotesia sesamiae, hasa wa ukoo wa bara.

Nawe mkulima unayesikiliza pembeni, nakuomba sana: vifuko vile si mayai ya mdudu mharibifu. Dawa ya kupuliza haimfikii funza akishazama ndani ya bua, ila nyigu aliye nje inamuua. Bua lenye vifuko liache limesimama shambani mpaka vyote vitoboke.